Deni la Mwenye Paka

Swali ninalotaka kulijadili ni dogo kwa kulitazama, na huenda baadhi ya wenzangu wakaona halistahili nafasi katika mkusanyiko kama huu. Mtu amefuga paka jike, nyumbani au dukani, ili amwondolee panya. Paka akazaa. Mwenye paka hawataki wale watoto. Anawatia kwenye boksi, anawapeleka sokoni au karibu na jalala, anawaacha hapo na kurudi kwenye shughuli zake. Je, amekosa? Na kama amekosa, kosa lake ni la namna gani, na amemkosea nani?

Nimelichagua swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe ni la kawaida. Katika mitaa ya Kampala ninayoifahamu mimi hutendwa mchana kweupe, na wanaolitenda si watu wakatili. Ni majirani wema, wenye kusali, wenye kulea watoto wao na wa ndugu zao. Pili, ni swali linalotupima. Tunapojadili haki za binadamu darasani, kila mmoja wetu anajua jibu linalotarajiwa kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa paka hana ukoo wa kumdai, hawezi kwenda mahakamani, wala hataweza kulipa wema au kulipiza ubaya. Anayemtendea haki hapati sifa, na anayemdhulumu haoni hasara. Hapo ndipo tunapoweza kuona kama maadili yetu yana mizizi, au ni mazoea ya kuogopana tu.

Nitaanza na mfano ninaoujua kwa karibu. Shangazi yangu anauza nafaka katika soko moja la Kampala: mahindi, maharage, mchele na karanga. Aliyewahi kuuza nafaka anajua panya ni adui wa namna gani. Anachokula ni kidogo, anachoharibu ndicho kingi. Hutoboa gunia, nafaka ikamwagika, kisha akakojoa na kunya juu ya ile iliyobaki. Sumu ya panya ina hatari zake. Si kitu cha kuwekwa karibu na chakula cha watu, na panya aliyekula sumu akiliwa na paka, paka naye huweza kufa. Kwa hiyo shangazi alifanya kama wafanyavyo wauza nafaka wengi: alitafuta paka. Alimpata akiwa mdogo, akampa kona nyuma ya magunia, na kila jioni akawa anamwekea posho, yaani ugali, uliochanganywa na mukene, wale dagaa wa ziwani. Baada ya miezi michache panya walipungua, na hasara ya magunia ikapungua pia.

Paka yule alizaa mara tatu katika muda usiofika miaka 2. Katika uzao wa kwanza na wa pili, watoto walipofikisha wiki 3 hivi na kuanza kutambaa kati ya magunia, shangazi aliwatia kwenye boksi, akawapeleka upande wa wauza nyama na kuwaacha. Uzao wa tatu ulinikuta nikiishi kwake, na mimi ndiye niliyeombwa kulibeba boksi. Nilimwomba anipe siku mbili tuzungumze kwanza. Hakukasirika. Aliniuliza tu: “Mimi nilichukua paka mmoja. Hawa wengine nilimwahidi nani?”

Insha hii yote ni jaribio la kulijibu swali hilo, kwa sababu ni swali zuri, na halijibiwi kwa kusema kwamba watoto wa paka wanatia huruma.

Tuanze na msingi. Je, mnyama anaweza kukosewa? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alishikilia kwamba wajibu wetu ni kwa binadamu. Kwa maoni yake, tunapaswa kujizuia kumtesa mnyama kwa sababu anayezoea kumtesa hupoteza ule wepesi wa kuguswa na maumivu, na hali hiyo mwishowe huharibu uhusiano wake na watu. Kwa mtazamo huu, ubaya wa tendo uko katika kile linachomfanya mtendaji.

Ninapoupima mtazamo huo kwa shangazi yangu, naona unashindwa. Aliwaacha watoto wa paka sokoni mara mbili na hakuwa mkali zaidi kwa mtu yeyote. Bado huwakopesha maharage akina mama wasio na pesa hadi mwisho wa mwezi. Bado hukaa na mtoto wa jirani mama yake anapochelewa kazini. Kama ubaya wote ungekuwa katika kuuharibu moyo wa mtendaji, na moyo haukuharibika, basi tungelazimika kusema hapakuwa na ubaya wowote. Lakini wale wadogo walioachwa usiku juu ya sakafu ya saruji hawakupata nafuu yoyote kutokana na upole wa shangazi kwa watu. Kama kuna ubaya, lazima sehemu yake iwe imewafikia wao.

Jeremy Bentham, mwaka 1789, alilielekeza swali upande huo: tusiulize kama mnyama ana akili au lugha, tuulize kama anaweza kuumia. Hapa sioni nafasi ya ubishi. Mtoto wa paka mwenye njaa hulia, mwenye baridi hujikunyata, aliyekanyagwa hupiga kelele na kukimbia. Hata hivyo jibu la Bentham nalo halitoshelezi swali la shangazi. Linatuambia kwamba maumivu yapo, ila halituambii ni nani anayepaswa kuyaondoa. Kampala ina paka wengi wanaoumia usiku huu, na mimi sina wajibu uleule kwa kila mmoja wao. Tunachotafuta ni uzi unaomfunga mtu fulani kwa paka fulani. Nitaurudia uzi huo baada ya kuichunguza hoja inayotolewa mara nyingi zaidi na wenye paka.

Hoja hiyo ni hii: “Siwaui, ninawaacha tu. Atakayewataka atawaokota, na sokoni hakukosekani chakula.” Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu sote tunahisi kuna tofauti kati ya kuua na kuacha afe. Anayewazamisha watoto wa paka kwenye ndoo tunamtazama kwa chuki. Anayewaacha sokoni tunampita bila neno. Je, tofauti hiyo inasimama?

Inategemea anayeachwa ni nani. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa haoni wala hasikii, na macho yake hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika wiki za kwanza hawezi kuuzuia mwili wake usipoe. Joto hulipata kwa mama na kwa ndugu zake. Hata haja ndogo na kubwa hawezi kuzitoa mwenyewe mwanzoni, mpaka mama amlambe ndipo zitoke. Huanza kujaribu chakula kigumu akiwa na wiki 4 hivi, na huacha kunyonya karibu na wiki ya 8. Kuwinda hujifunza kwa mama, ambaye humletea kwanza mawindo yaliyokufa, kisha yaliyo hai. Na mpita njia mwenye huruma akimwokota kabla ya wakati huo na kumpa maziwa ya ng'ombe, mara nyingi humletea kuhara, na kwa kiumbe mdogo kiasi hicho kuhara huweza kuwa kifo.

Sasa tuirudie hoja. Chakula kilichojaa sokoni, yaani vipande vya mfupa na matumbo ya samaki, si chakula cha kiumbe wa wiki 3. Kwake soko lile ni jangwa. Aliyemwacha pale hakumwacha ajitafutie, maana alimwacha katika umri ambao kujitafutia hakuwezekani. Tukilitazama jambo kutoka upande wa anayeachwa, siku mbili za njaa na baridi, kati ya mbwa na magurudumu ya mikokoteni, ni kifo kirefu kuliko kile cha ndoo. Silisemi hili ili kuitetea ndoo. Ninasema kwamba ule upole tunaouona katika kuacha, mara nyingi ni upole kwa nafsi zetu wenyewe: tumepata njia ya kutouona mwisho wa tulichokianza.

Atakuwapo wa kusema kwamba bahati ipo, na wapo waliookotwa wakapona. Kweli wapo. Lakini bahati ambayo sikuitilia juhudi yoyote siwezi kuihesabu kuwa zawadi yangu. Kama kweli nataka waokotwe, kazi ya kumtafuta mwokotaji ni yangu. Tena umri ndio unaobadilisha uzito wa tendo. Kumkabidhi muuza samaki, mkono kwa mkono, paka wa miezi 2 na nusu anayekula mwenyewe na kuruka juu ya meza, ni tendo moja. Kumwacha wa wiki 3 chini ya meza ya muuza nyama ni tendo jingine, ingawa yote mawili huitwa kwa jina lilelile, “kuwapeleka sokoni.”

Wasomaji Waislamu watakuwa wameshaikumbuka hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, inayopatikana katika mikusanyiko ya Bukhari na Muslim. Sitaizungumzia kama mtaalamu wa dini. Ninaitazama mantiki yake. Mwanamke yule alimfungia paka. Hakumlisha, wala hakumwachilia ajilie vijidudu vya ardhini. Lawama haikuja kwa sababu ya kufuga. Ilikuja kwa sababu njia zote mbili zilizibwa, ile ya kulishwa na ile ya kujilisha. Kwa hiyo mtu anayemwachilia paka mkubwa mwenye uwezo wa kuwinda hawezi kubeba lawama ileile, kwa kuwa amemfungulia njia ya pili. Lakini kwa mtoto wa paka anayenyonya, njia ya pili bado haipo. Kumwachilia ni sawa na kumfungia mlango, isipokuwa safari hii amefungiwa nje.

Hadi hapa nimeonyesha kwamba wanaoachwa wanaumizwa, na kwamba kuwaacha hakumsafishi mtu. Bado sijamjibu shangazi. Alimwahidi nani?

Hakumwahidi mtu yeyote, na hilo halimalizi jambo, kwa sababu si kila wajibu huzaliwa na ahadi. Aliyechimba shimo njiani ili apate udongo wa matofali yake hakumwahidi mpita njia lolote, lakini mpita njia akitumbukia, mchimbaji ana la kujibu. Wajibu huweza kutokana na hali ambayo mtu ameisababisha mwenyewe kwa faida yake mwenyewe. Basi tuulize hali ya paka wa shangazi imesababishwa na nini.

Paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, waliosogelea makazi ya watu pale watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka. Huko Cyprus waakiolojia walifukua kaburi la miaka ipatayo 9,500 iliyopita, ambamo mtu alikuwa amezikwa na paka kando yake. Kibanda cha shangazi kinaendeleza uhusiano wa zamani sana: nafaka huvuta panya, panya huvuta paka, mtu hunufaika. Tofauti ni kwamba uzazi wa paka mwitu huwekewa mpaka na uhaba. Chakula kikipungua, watoto wanaonusurika hupungua. Sisi huuondoa mpaka huo kila jioni kwa sahani ya mukene. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 5 au 6 tu. Mimba huchukua siku 63 hadi 65. Akiwa ameshiba anaweza kuzaa mara 2 au 3 kwa mwaka, na mara nyingi watoto huwa 4 hivi kwa kila uzao. Kwa hiyo wale watoto walitokana na sahani ileile iliyoyaokoa magunia. Mtu hawezi kupokea tunda la sahani hiyo upande mmoja na kulikana upande wa pili.

Lugha yetu ya Kiswahili hutenganisha kufuga na kulea. Tunafuga kuku, mbuzi na paka, tunalea watoto. Anayefuga hutarajia faida, anayelea hutarajia gharama. Nadhani shangazi, bila kulisema, alisimama juu ya tofauti hii: yeye alikubali kuwa mfugaji, hakukubali kuwa mlezi. Lakini tukiitazama kazi yenyewe, mpaka kati ya maneno haya mawili hauko wazi hivyo. Mfuga kuku huwalinda vifaranga dhidi ya mwewe na baridi. Mfuga ng'ombe humwachia ndama sehemu ya maziwa. Hakuna ufugaji usio na kipindi cha kulea ndani yake. Kwa kuwa kifaranga na ndama wana bei, kuwalea hatukuiti hisani, tunakuita akili. Mtoto wa paka hana bei, basi kumlea tunakuita huruma, na huruma tunaiona ni jambo la hiari. Kukosa bei, hata hivyo, hakubadilishi aliyemleta duniani ni nani.

Wahenga walisema, “Paka wa nyumba haingwa.” Kuinga ni kufukuza, kama mkulima anavyoinga ndege shambani. Methali hii hutumiwa kuwasema watu: aliyezoea nyumba ni wa nyumba, hafukuzwi kama mgeni. Mimi naichukua kwa maana yake ya karibu kabisa. Aliyezaliwa nyuma ya magunia hajui mahali pengine popote. Kama mama yake ni wa nyumba, siuoni msingi wa kumwita yeye mgeni.

Hapa nitajibu mapingamizi matatu ambayo nimekutana nayo, kwa sababu ninaamini hoja isiyopingwa haijakomaa.

La kwanza lilitoka kwa mwenzangu wa darasani. Nilipomsomea rasimu aliniuliza, “Kampala ina watoto wa watu wanaolala barabarani, nawe unaandika juu ya paka?” Sitalikwepa kwa kudai kwamba mnyama na mtu ni sawa. Siamini hivyo. Kama shangazi angekuwa na sahani moja tu, na mbele yake mtoto mwenye njaa na paka mwenye njaa, ningetaka ampe mtoto bila kusita. Lakini boksi lile halikupelekwa sokoni ili mtoto wa mtu ale. Lilipelekwa ili kuepuka usumbufu wa wiki 5 zaidi. Kuwalinganisha wawili hao kuna maana pale tu ambapo kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Zaidi ya hapo, haya ni madeni ya aina mbili. Mtoto wa barabarani tunawiwa naye sote, pamoja na serikali yetu. Mtoto wa paka aliyezaliwa kibandani kwangu ninawiwa naye mimi. Mtu anayedaiwa shilingi 2,000 na muuza chapati hawezi kukataa kulipa kwa kuonyesha kidole deni la taifa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Kama dawa ni kumfunga paka kizazi, je, hiyo nayo si dhuluma? Nani ametuidhinisha kukata kiungo cha kiumbe mzima ili sisi tusisumbuke? Wapo wanaoona huko ni kuiingilia kazi ya Mungu. Pingamizi hili naliheshimu, na jibu langu halina furaha nyingi. Ni kweli kwamba upasuaji humwondolea paka kitu kilicho chake bila ridhaa yake. Ila tusijidanganye kwamba tukiacha upasuaji tunairudia kazi ya Mungu ilivyokuwa. Tuliiingilia tangu sahani ya kwanza. Kinachobaki kama mbadala ni boksi baada ya boksi. Shangazi mwenyewe alinisimulia kwamba baada ya boksi la pili, paka alizunguka kati ya magunia kwa usiku kadhaa akiita, matiti yamemjaa. Sitaki kumvika paka hisia za binadamu, na sijui ndani yake kulikuwa na nini. Lakini alichokuwa akikitafuta kilijulikana kwa kila mtu aliyemsikia. Kati ya upasuaji mmoja unaofanywa na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, na misiba inayorudi kila baada ya miezi michache, naona upasuaji ni ubaya mdogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa miili.

Wengine hudhani wamelikwepa suala hili kwa kufuga dume. Dume halizai nyumbani kwako, ni kweli. Huzalisha kwa jirani, na boksi likabebwa na jirani. Hilo tunalifahamu vizuri hata katika mambo ya binadamu, na sidhani kuna anayeliita kutimiza wajibu. Mwenye dume naye ana la kumpeleka kwa daktari.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni gharama. Ni rahisi kuandika insha kuhusu wema kwa wanyama kama mtu hauzi maharage. Kwa mchuuzi mdogo, malipo ya daktari wa mifugo yanaweza kula faida ya siku nyingi, na wajibu haupaswi kumtaka mtu asichokiweza. Nilikaa na pingamizi hili muda mrefu, na nilichokiona ni kwamba tumekuwa tukimwandikia deni mtu mmoja peke yake. Panya hajui mpaka wa kibanda. Paka wa shangazi alikuwa akiwalinda pia muuza mchele wa kulia, muuza unga wa kushoto na mama wa samaki wakavu aliye nyuma. Wote walilala bila wasiwasi juu ya mali yao. Faida ilikuwa ya wengi, boksi likawa la mmoja. Hesabu ya maadili inayomlaumu aliyelibeba boksi na kuwasamehe waliofaidi utulivu ni hesabu isiyo na haki.

Hoja hii ndiyo iliyomgusa shangazi, kuliko zote nilizomtajia za wanafalsafa. Watoto wa uzao wa tatu walibaki nyuma ya magunia hadi walipopita wiki 8. Walikuwa wanne. Mmoja alihara katika wiki ya 5 akafa. Waliobaki tuliwalisha mukene waliosagwa na posho kidogo, kwa sababu paka ni mla nyama kwa maumbile, na akilishwa posho tupu hukosa taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Wawili walichukuliwa na wenye vibanda wengine, na mmoja na mtu wa mashine ya kusaga. Kisha shangazi akapita kibanda kwa kibanda kuomba mchango wa daktari. Muuza unga alikataa mwanzoni, akisema kibandani kwake hajawahi kuona panya. “Na unadhani ni kwa nini?” shangazi akamuuliza. Alitoa. Mchango ulichukua karibu miezi mitatu kukamilika, na katika miezi hiyo ilibidi paka afungiwe usiku ili asishike mimba nyingine. Haikuwa kazi nyepesi, na simlaumu mtu anayeiona kuwa nzito. Ninachosema ni kwamba ilikuwa ndani ya uwezo wa kundi lile la watu, mara tu walipokubali kwamba jambo linawahusu.

Jibu langu basi ni hili. Anayemfuga paka jike kwa faida yake amekwisha kupokea pamoja naye wajibu juu ya watoto atakaowazaa, ahidi asiahidi. Wajibu huo hauna maana ya kukaa nao wote milele. Una maana ya kutowatenga na mama kabla hawajaweza kula wenyewe, kuwakabidhi kwa mtu anayejulikana, na kuziba chanzo mapema ili tatizo lisizaliwe upya. Na kwa kuwa faida huwa ya wengi, gharama nayo iwe ya wengi. Anayewaacha sokoni wakiwa wachanga amewakosea wao wenyewe, hata kama moyo wake umebaki mwema.

Nimesema mwanzoni kwamba swali hili linatupima, na ningependa kueleza nilikuwa na maana gani. Sentensi ya shangazi nimewahi kuisikia mahali pengine. Mama mmoja wa mtaani kwetu alimwondoa msichana wake wa kazi aliyeshika mimba. Majirani walipomuuliza, alijibu kwamba yeye aliajiri mtu mmoja, huyo wa pili hakumwahidi yeyote. Simlinganishi msichana yule na paka. Nazilinganisha sentensi mbili, na naona zimejengwa kwa namna moja: napokea kazi ya kiumbe, kisha kiumbe huyo anapokuja na maisha yake yote, yaani mwili wake, uzazi wake na wanaomtegemea, nasema niliagiza kazi tu. Huko kwa binadamu sentensi ina masikio mengi ya kuipinga, na wakili akipatikana itapingwa hata mahakamani. Kwa paka haina wa kuipinga, kwa hiyo ndipo tunapojifunza kuitamka bila kigugumizi. Ninapendekeza tuanze kuikataa hukohuko inakotamkwa kwa urahisi, nyuma ya magunia, kwa viumbe ambao gharama yao ni dagaa wachache na wiki chache za subira.